Udongo wa Eastlands na kauli ya kutendana

Kila mwanafunzi aliyepitia somo la Kiswahili nchini Kenya amefundishwa mnyambuliko wa vitenzi. Ameambiwa kwamba kitenzi "saidia" kikitiwa kiambishi -an- huwa "saidiana", "tegemea" huwa "tegemeana", na "piga" huwa "pigana". Hiyo ndiyo kauli ya kutendana, nayo humjulisha msikilizaji kwamba tendo limekwenda na kurudi baina ya watendaji wawili au zaidi. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo akitoka katika darasa la Kiswahili na kuingia katika darasa la sayansi, kauli hii humponyoka. Huko hukuta viumbe wametengwa, kila mmoja na sura yake kitabuni. Bakteria wako ukurasa huu, kuvu iko ukurasa ule, na mmea unangoja muhula ujao.

Mwandishi wa makala haya ni mwanaisimu, wala hadai kuwa bingwa wa elimu ya udongo. Hata hivyo, mambo ambayo wanasayansi wamegundua chini ya nyayo zetu katika miongo ya hivi karibuni yanaigusa taaluma ya lugha moja kwa moja, maadam yanahusu uhusiano, na uhusiano hauwezi kufundishwa bila lugha ya kuueleza. Hoja yangu ni kwamba tunawafundisha watoto wetu udongo kwa sarufi pungufu, na kwamba wanaolipa gharama ya upungufu huo ni wakazi wa mitaa kama ile ya Eastlands hapa Nairobi, ambako kipande cha ardhi cha kupanda mboga ni haba na kila kiganja cha udongo kina thamani.

Tuanze na udongo wenyewe. Msafiri atokaye Kabete au Kikuyu kuelekea mashariki huuona mji ukibadilika rangi. Upande wa magharibi kuna udongo mwekundu wenye kina. Upande wa mashariki, kuanzia Makadara hadi Embakasi na Kayole, kumetanda udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hunata kama gundi wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Juu ya udongo huo ndiko kulikojengwa Kaloleni, Bahati, Jericho, Buruburu, Umoja na Dandora. Wakazi wa mitaa hii hupanda mboga ubavuni mwa nyumba, kandokando ya mito, chini ya nyaya za umeme na, pasipokuwa na ardhi kabisa, ndani ya magunia. Serikali ya Kaunti ya Nairobi yenyewe ilikitambua kilimo hiki kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2015. Kwa hiyo swali la kinachofanya udongo uzae si swali la mashambani peke yake.

Ni nini basi kilichomo ndani ya udongo huo? Watu wengi wakisikia neno kuvu huwaza mkate ulioharibika au uyoga. Lakini mwili halisi wa kuvu nyingi ni nyuzi nyembamba sana, nyembamba mara kumi na zaidi kuliko unywele wa binadamu, zinazopenya katika vipenyo vya udongo ambamo mzizi hauwezi kuingia. Kundi mojawapo la kuvu hizi huingia ndani ya mizizi ya mimea na kufanya makao humo. Mmea huipa kuvu sehemu ya chakula ulichokitengeneza kwa mwanga wa jua, ambayo wataalamu hukadiria kuwa kati ya asilimia 4 na 20. Kuvu nayo huuletea mmea fosforasi, madini mengine na maji kutoka sehemu ambazo mizizi haifiki. Zaidi ya theluthi mbili ya aina za mimea ya nchi kavu huishi kwa mapatano ya namna hii, na mabaki ya mimea yaliyohifadhika katika mawe ya Rhynie huko Scotland yanathibitisha kwamba mapatano hayo yana umri wa zaidi ya miaka milioni 400.

Mjerumani A. B. Frank, aliyeyapa mapatano hayo jina mwaka 1885, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja likimaanisha kuvu na jingine mzizi. Kiswahili kina uwezo huo huo. Ikiwa tumeweza kuunda "batamzinga" na "askarikanzu" bila kuomba ruhusa kwa mtu, sioni kizuizi cha kusema "kuvumzizi". Nitalitumia neno hilo hapa, na mwenye bora zaidi na alilete.

Hadi hapo tuna washirika wawili. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hadithi inaishia hapo, ilhali kuna mshirika wa tatu. Kuvumzizi ina udhaifu mmoja mkubwa. Haina uwezo wa kutosha wa kuvunjavunja majani makavu, samadi na masalio mengine ili kuitoa fosforasi iliyofungwa ndani yake. Uwezo huo wanao bakteria, kwani wao hutoa vimeng'enya na asidi za kuifungua. Lakini bakteria nao wana shida yao: wana njaa ya sukari, na sukari ni adimu katika udongo ulio mbali na mzizi. Basi nyuzi za kuvu hutoa majimaji yenye sukari, na bakteria hujazana kandokando yake kama wateja kando ya kibanda cha chai alfajiri. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Jambo hili limepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wanasayansi wa China na wenzao waliichunguza kuvu iitwayo Rhizophagus irregularis pamoja na bakteria aitwaye Rahnella aquatilis. Waliona kwamba sukari ya fruktosi itokayo katika nyuzi za kuvu haikuwa chakula tu kwa bakteria. Ilikuwa pia ishara, maana bakteria waliipokea kisha wakazidisha kazi ya kutengeneza na kutoa kimeng'enya kinachofungua fosforasi. Kuvu ikanufaika, na mmea vilevile. Sisi wanaisimu hatuna budi kutega sikio tusikiapo habari ya ishara inayotolewa, inayopokewa na inayojibiwa, ingawa ni vyema tusiharakishe kuiita lugha.

Pana jambo jingine la kustaajabisha. Bakteria hawezi kwenda mbali katika udongo mkavu, kwa sababu huhitaji maji ya kuogelea, nayo matone ya maji udongoni hutenganishwa na mapengo ya hewa. Uzi wa kuvu hupita katika mapengo hayo ukiwa umefunikwa na utando mwembamba wa maji, na bakteria hutambaa juu yake kama watu wavukao mto kwa ubao. Watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walionyesha mwaka 2005 kwamba bakteria wenye uwezo wa kula uchafu wa mafuta husafiri kwa njia hii na kuvifikia vichafuzi ambavyo wasingevifikia peke yao. Fundi wa magari wa Kariobangi ambaye udongo wa karakana yake umelowa mafuta machafu kwa miaka mingi angefaa kuisikia habari hiyo, na mtoto wake aliye shuleni angefaa kuwa ndiye anayempasha.

Hata hivyo, asije msomaji akadhani kwamba udongo ni peponi. Kauli ya kutendana haikuumbwa kwa ajili ya mambo mema pekee. Tuna "pendana" na "saidiana", lakini tuna pia "pigana", "nyang'anyana" na "uana". Vivyo hivyo udongoni. Watafiti wale wale wa kuvu na bakteria walikuwa wameripoti mwaka 2016 kwamba fosforasi ikiwa haba mno, bakteria huishika na kujiwekea wenyewe, na washirika hugeuka washindani. Dawa ya streptomaisini, iliyowaokoa wagonjwa wengi wa kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 kutokana na bakteria wa udongoni, ambao hutengeneza kemikali za kuwazuia viumbe wengine. Mwaka 2005 wanasayansi wa Jena, Ujerumani, waligundua kwamba sumu ya kuvu fulani inayoangamiza miche ya mpunga haitengenezwi na kuvu yenyewe, bali na bakteria wanaoishi ndani ya mwili wake. Aliyekuwa akiilaumu kuvu kwa miaka mingi alikuwa akimlaumu mwenye nyumba kwa makosa ya mpangaji.

Kwa nini basi haya yote yalichelewa kujulikana? Jibu moja liko katika mbinu. Daktari Robert Koch, ambaye sisi wa Afrika Mashariki tunamkumbuka kwa uchunguzi wake wa ugonjwa wa malale katika visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, aliendeleza katika miaka ya 1880 njia ya kumtenga bakteria wa aina moja na kumkuza peke yake katika chombo safi. Njia hiyo iliokoa maisha ya watu wasiohesabika kwa kuwa iliwezesha kila ugonjwa kuhusishwa na kiini chake, na hakuna mwenye akili timamu atakayeibeza. Lakini iliacha mazoea nyuma yake. Tulizoea kudhani kwamba ukimjua kiumbe akiwa peke yake umemjua kabisa.

Katika isimu tuliwahi kuwa na mazoea kama hayo, tukiamini kwamba maana ya neno imefungiwa yote ndani ya kamusi. Profesa J. R. Firth wa Chuo Kikuu cha London ni mmoja wa waliosisitiza katikati ya karne iliyopita kwamba sehemu kubwa ya maana ya neno hutokana na maneno yanayoandamana nalo. Chukua neno letu "piga". Katika "piga pasi", "piga simu", "piga magoti" na "piga mbizi" hakuna anayechapwa. Anayelijua "piga" kwa maana yake ya kwanza tu hajakijua Kiswahili. Kadhalika anayemjua bakteria akiwa peke yake ndani ya kisahani cha maabara hajaujua udongo.

Sasa tuyaangalie madarasa yetu. Vitabu vya Biolojia vya mfumo wa 8-4-4 viliwaweka bakteria na kuvu katika himaya mbili tofauti, kisha mwanafunzi akatakiwa kukariri sifa za kila himaya. Ni kweli kwamba hufundishwa habari za bakteria wa vinundu vya mizizi ya maharagwe, na hilo ni jambo jema. Lakini mara nyingi viumbe hawa hutajwa kwa habari ya maradhi na uharibifu. Ndiyo maana mtoto ukimwambia kwamba mikono yake ina bakteria atakimbilia sabuni, na hapo hajakosea. Ukimwambia kwamba udongo wa shamba la shule una bakteria, atakuuliza dawa ya kuwaua inapatikana wapi.

Wapo watakaosema kwamba hofu hiyo ina msingi. Nami nakubali. Mwaka 2004 watu 125 walifariki nchini Kenya, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu ya kuvu. Hakuna mwalimu anayepaswa kulificha jambo hilo. Lakini kuvu ya mahindi yaliyohifadhiwa vibaya ghalani na kuvumzizi ya shambani ni viumbe tofauti wenye maisha tofauti, na elimu isiyoweza kuwatofautisha haimlindi mtu. Humwacha na woga mtupu.

Gharama ya elimu hiyo inaonekana Eastlands. Tazama magunia na vishamba vya mitaani, na mara nyingi utakuta sukuma wiki, kabichi na spinachi, msimu baada ya msimu. Ni mboga njema, na kaya nyingi huponea hizo. Lakini sukuma wiki na kabichi ni wa ukoo wa mimea ambao kwa kawaida haufungi mapatano na kuvumzizi, na spinachi na mchicha hali zao zinakaribiana na hiyo. Kuvumzizi haiwezi kuishi muda mrefu bila mzizi wa kuilisha. Gunia lililopandwa sukuma wiki peke yake kwa miaka mitatu ni nyumba iliyomfukuza mpangaji wake, na mpangaji akiondoka, bakteria waliokuwa wakila mezani pake hukosa karamu. Dawa yake haihitaji fedha. Kunde, maharagwe, mahindi, vitunguu, dania, nyanya, managu na viazi vitamu vyote hushirikiana na kuvumzizi. Kuvichanganya au kuvipokezana na sukuma wiki huwarudishia washirika hawa chakula chao.

Desturi nyingine nazo huvunja ushirikiano huu. Taka zinapochomwa juu ya kishamba, nyuzi zilizo karibu na uso wa udongo huangamia. Ardhi inapopinduliwapinduliwa kila wiki, nyuzi hukatika kabla hazijaungana. Mbolea ya fosforasi, au maji taka yanayotumiwa na baadhi ya wakulima wa kingo za mito, yanapozidi kiasi, mmea huona hauna haja tena ya kuilipa kuvu, na mapatano hulegea. Wakati huo huo sakafu za saruji zinaendelea kuimeza ardhi iliyobaki wazi baina ya nyumba.

Palipo na ujinga, mfanyabiashara mjanja hajambo. Siku hizi huuzwa unga na maji ya chupa yanayodaiwa kuwa na "viumbe hai" vya kufufua udongo. Baadhi ya bidhaa za aina hii ni za kweli; ile ya bakteria wa mikunde iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi katika kampasi ya Kabete ni mfano wa kuheshimiwa. Lakini watafiti waliokusanya na kupima bidhaa kama hizo katika masoko ya Kenya, Ethiopia na Nigeria kuanzia mwaka 2009 walikuta nyingi ambazo yaliyomo hayakulingana na lebo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnunuzi anayejua kwamba kuvumzizi hula kutoka kwenye mzizi ulio hai, na kwamba bakteria hula kutoka kwenye uzi wa kuvu, atamuuliza muuzaji maswali mawili au matatu yatakayomtoa jasho.

Nitie tahadhari moja. Ushirikiano wa viumbe hawa hauwezi kila kitu. Bakteria anaweza kula mafuta. Hawezi kula risasi, kwa sababu metali haivunjiki ikawa kitu kingine. Uchunguzi uliofanywa kwa niaba ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na kutolewa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wa maeneo yanayopakana na jaa la Dandora, na nusu yao walikutwa na risasi nyingi kupita kiasi katika damu. Mahali kama hapo hapafai kulimwa mboga kwa kutumaini kwamba kuvu itausafisha udongo. Hiyo ni kazi ya wenye mamlaka, na kuvu isifanywe kisingizio cha kuwaondolea wajibu huo.

Basi tufanye nini? Kwanza, walimu wa sayansi na walimu wa Kiswahili waketi pamoja. Lugha ya kufundishia sayansi katika madarasa ya juu nchini Kenya ni Kiingereza, lakini Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na lugha rasmi isiyoweza kuueleza udongo wa taifa lake ina dosari. Si kwamba tunaanza na mikono mitupu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Istilahi zinazokosekana tuziunde, tuzijaribu darasani na tuzikosoe.

Pili, jaribio lifanywe shuleni. Wanafunzi wachukue udongo wa shamba lililo mbali na jaa na mifereji ya maji taka, wauchemshe kwa mvuke hadi viumbe wake wafe, waupoeze na kuugawa katika makopo mawili. Katika kopo moja warudishe kikombe cha udongo ambao haukuchemshwa, uliochotwa kwenye mizizi ya mahindi au kunde. Katika la pili warudishe kikombe cha udongo ule ule baada ya kuuchemsha. Wapande vitunguu katika yote mawili, wanawe mikono, kisha wapime kila wiki na kuandika. Hata matokeo yakiwatatiza, mjadala utakaozuka utawafaa kuliko kurasa kumi za kukariri.

Tatu, watunzi wa mitihani wabadili vitenzi vyao. "Taja sifa nne za kuvu" ni swali halali, lakini likisimama peke yake humfundisha mtoto kwamba kujua ni kutenga. Waulize pia: "Eleza jinsi kuvu, bakteria na mmea wanavyolishana, na utaje hali moja inayoweza kuwafanya wanyang'anyane." Mtoto wa Kayole au Korogocho atakayelijibu swali hilo sawasawa atakuwa ameielewa kauli ya kutendana, na jioni atakaporudi nyumbani atajua ni kwa nini inafaa kupanda kunde kando ya sukuma wiki katika gunia la mama yake.